Sapatu Jozi Tano za Ghorofa ya Kumi na Moja

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, mshona mapazia mwenye duka nyuma ya kituo cha mafuta alitia saini hati ya kununua fleti katika jiji la ng'ambo ambalo hakuwahi kulikanyaga. Hati hiyo ipo kwenye ofisi ya ardhi ya jiji lile na yeyote anaweza kuiomba: ghorofa ya kumi na moja, sebule, jiko, chumba kikubwa cha kuelekea mashariki na chumba kidogo kinachotazama ukuta wa jirani.

Mumewe, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, alilitafuta jiji hilo kwenye ramani akaliwekea kidole. "Mama watoto, umenunua hewa," alisema. "Ghorofa ya kumi na moja ni hewa iliyotandikwa sakafu."

Mtaani humwita Mama Pazia, na si mtu wa kununua kitu kwa kujionyesha. Kitinda mimba wake alikuwa ameshasema kwamba akimaliza shule atakwenda kusomea katika jiji lile. Mama aliona ni heri akute pa kulala pako tayari, na kwamba hadi siku hiyo mpangaji angeitunza fleti.

Kupangisha hakukuwa jambo geni kwake. Nyuma ya duka ana vyumba vitatu vya kupanga, na humo ana sharti moja ambalo halibadiliki. Kabla ya kukabidhi ufunguo huuliza saizi ya mguu ya kila atakayeishi ndani, kisha huwashonea sapatu kwa mabaki ya vitambaa vya mapazia, ili viatu vya barabarani visikwaruze sakafu yake. Wapangaji hutaniana kwamba kwa Mama Pazia unapimwa miguu kabla ya kupimwa mfuko. Kuna kijana aliyeapa kwamba anaishi peke yake, akaulizwa saizi, akataja mbili.

Kwa hiyo dalali wa ng'ambo alipoandika kwamba amepata mpangaji, dereva wa teksi, familia ya watu watano, hakuna mtoto mdogo, watulivu, Mama Pazia alijibu kwa swali lake lile lile. Saizi tano zikaja. Moja ilikuwa ndogo mno, akauliza kama kweli hakuna mtoto, akaambiwa ni ya bibi kizee. Akashona, akaposta. Baadaye ukaja ujumbe wa mpangaji mwenyewe, umetafsiriwa na simu: anashukuru, na hajawahi kuona mtu aliyejali miguu ya watu wake. Akaomba na mapazia mazito ya chumba kikubwa, kwa sababu jua la asubuhi linawachoma.

"Ona mtu mwenye adabu," Mama Pazia alimwambia mumewe. Akashona na mapazia.

Ikapita miaka. Wapangaji wa nyuma ya duka walimchosha kwa ugomvi wa maji, umeme na redio. Wale wa ng'ambo hawakulalamikia bomba wala lifti, na kodi haikuchelewa. Akiudhiwa na wa nyumbani, aliwatajia wa ng'ambo kama mfano.

Mwaka ambao binti yake huyo kitinda mimba alipata nafasi chuoni, mabweni yalikuwa yamejaa. Mama alimwagiza dalali ampe dereva notisi kwamba mkataba hautaongezwa. Dalali akajibu kwamba atafanya hivyo, kisha akaacha kupokea simu. Zikiwa zimebaki siku chache muhula uanze, mama na binti walipanda ndege na ufunguo wa akiba.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Walibonyeza kengele, wakangoja, wakabonyeza tena. Mama akafungua.

Mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja. Sebuleni palikuwa na kiti kimoja cha mbao, ndoo na kitambaa cha vumbi. Jikoni, mlango wa oveni ulikuwa bado na nailoni ya kiwandani.

"Hawa watu wanapika wapi?" mama aliuliza.

"Labda wanakula nje."

"Watu watano? Kila siku?"

Chumba kikubwa kilikuwa na giza. Mapazia yake yalikuwa yamefungwa hadi chini. Binti alipapasa ukutani akawasha taa.

Ukutani palikuwa na rafu ndefu. Juu yake kulikuwa na mitungi midogo mitano ya kauri yenye mifuniko, na mbele ya kila mtungi picha ya mtu. Sakafuni, chini ya kila mtungi, palikuwa na jozi ya sapatu, nyayo zake safi kama siku zilipotiwa kwenye bahasha.

Mama Pazia alikitambua kitambaa kabla ya kuielewa mitungi. "Hiki ni kile cha kijani," alisema. "Kilibaki kwenye kazi ya hoteli."

Binti alikuwa amesogea karibu, anasoma maandishi ya mtungi wa kwanza, kisha wa pili.

"Mama, hizi ni tarehe."

"Tarehe za nini?"

"Za kuzaliwa. Na za kufariki."

Mama alirudi kinyumenyume mpaka sebuleni, akakalia kile kiti. Binti alimuuliza kama anataka maji, na alichojibu ni, "Nimewapima miguu." Alirudia maneno hayo mpaka binti akaanza kumwogopa yeye kuliko mitungi.

Ndipo ufunguo ukazunguka mlangoni. Aliingia mzee mmoja mwembamba, ana chupa ya dawa ya kusafishia vioo. Aliwaona wanawake wawili, akasimama kama aliyekamatwa. Binti, aliyejifunza lugha ya pale kwa mwaka mzima, akamweleza wao ni nani. Mzee akavua kofia, akasema yeye ndiye dereva.

"Mwambie," mama alisema, "mimi niliambiwa watu watano."

Binti akauliza, akasikiliza. "Anasema ni watano. Baba yake, mama yake, mkewe, dada yake na mama mkwe."

"Watu wanaopumua, mwanangu."

"Anasema dalali alimwambia umekubali majivu ya marehemu wake yakae hapa. Yeye hakuamini. Ulipotuma kuuliza saizi ndipo akaamini."

Mama alifumba macho. "Na yeye akazitaja tu? Saizi za maiti?"

"Anasema, mwanamume gani asiyejua saizi ya kiatu cha mkewe?"

Habari nyingine ilikuja kidogo kidogo. Mahali pa kuweka mtungi kwenye makaburi ya jiji lile pamepanda bei kuliko fleti. Dereva mwenyewe hulala chumba kimoja na madereva wenzake sita, vitanda kwa zamu, na wenzake walikataa kulala na majivu. Hapa huja kila Jumapili kufuta vumbi.

"Yule wa mguu mdogo ni yupi?"

"Mama mkwe. Ule mtungi wa pembeni. Anasema hata zamani hakupenda kukaa karibu na baba yake huyu dereva."

Binti aliuma mdomo asicheke. Mama hakucheka.

"Mwambie mkataba umeisha."

Binti aligeuka kuitazama rafu.

"Mwambie. Wewe utalala wapi?"

Akamwambia. Dereva alitikisa kichwa kukubali. Kumbe hata notisi hakuwahi kuipata. Akasema atawachukua leo hii, watakaa kwenye buti ya teksi mpaka apate pengine. Akatoa mfuko mkubwa wa sokoni, akachuchumaa mbele ya rafu. Hakuanza na mitungi. Aliokota sapatu za kwanza, akazigonganisha taratibu kutoa vumbi ambalo halikuwamo, akaziweka mfukoni, akafuata za pili.

"Acha," Mama Pazia alisema kutoka mlangoni.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Mzee akaacha.

"Wewe unaogopa?" mama alimuuliza binti.

"Naogopa. Lakini bweni sina. Na kile chumba kidogo, Mama, mimi nisingekitumia."

Mama alimtazama mwanawe kama mtu asiyemfahamu. Kisha akafungua mkoba, akatoa futi yake ya kitambaa. Binti akashika ncha ya pili. Walipima dirisha la chumba kidogo kwa urefu na upana, dereva akiwa amesimama na kofia yake kifuani.

Mumewe alipiga simu wakiwa bado wanapima. "Umeshawatoa watu wako?"

"Wanahamia chumba kidogo. Wamekubali kulipa nusu."

"Wote watano? Watatosha?"

Mama Pazia aliitazama rafu kupitia mlango uliokuwa wazi. "Watatosha, baba watoto."

"Si ulisema ni watu wa adabu."

Alikata simu, akamwambia binti, "Baba yako asijue. Atahadithia mtaa mzima." Kisha akarudi kwenye kile kiti, futi ikining'inia shingoni.

Kesho dereva atakuja na bisibisi kuhamisha rafu. Binti ataingia chumba kikubwa Jumanne, na masomo yake yanaanza Jumatano. Mama atarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ashone pazia la dirisha dogo na jozi ya sita ya sapatu, saizi ya binti yake.