Ndindi na Barua Iliyobaki Mezani

Hapa Ziwani wananijua kwa uongo. Ni mimi niliyemfukuza fisi pale mtoni kwa mwiko, na fisi akaniomba msamaha. Lakini habari ya jirani yangu Ndindi sitaitia chumvi.

Ndindi alilelewa na babake peke yake, Mzee Mutunga, mchongaji wa vinyago. Mamake alifariki akimzaa. Alipokua akafungua kijichumba cha kuchapia watu barua, kompyuta moja, tena kuukuu. Akanifundisha mimi bibi kizee jinsi inavyokumbuka.

“Shosho, RAM ni meza. Kazi unayoifanya iko hapo, unaifikia upesi, lakini stima ikipotea, meza yote inafutika. Diski ni sanduku. Ni ya polepole, ila hata uzime mwaka mzima, utakuta vitu vyako. Kuhifadhi ni kutoa mezani na kutia sandukuni.”

“Na nani huiambia namna ya kuamka?”

“Hiyo iko kwa ROM. Iliandikwa kiwandani, haifutiki ovyo. Ni kama imechongwa na baba.”

Siku moja Mzee akataka kuchapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, habari za mama yake Ndindi. Hakuwahi kuweza kuzitamka.

“Usisome mpaka nimalize,” akamwambia bintiye.

Ndindi akacheka, akaenda sokoni. Mimi nikabaki. Asubuhi nzima niliyatazama yale maneno yakijipanga kwenye kioo, na siku hizo kusoma sikujua.

Mzee alipotoka kwenda msalani, nikatamani chai. Soketi ni moja. Nikachomoa kompyuta, nikachomeka birika, maji yalipochemka nikairudisha.

Ndindi akarudi, akatukuta mimi na Mzee mbele ya kioo kitupu.

“Stima ilipotea,” nikasema.

Akashika kichwa. “Baba, sikukuonyesha kuhifadhi!”

“Wacha kulia, mama. Nitaandika tena kesho.”

Kesho yake Mzee akapooza mkono wa kulia, na ulimi pia. Wiki mbili baadaye tukamzika.

Tangu hapo Ndindi akichapa mstari mmoja anahifadhi, hata kama ni tangazo la paka aliyepotea. Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia.

“Ndindi, stima haikupotea. Ni mimi. Nilichomoa nipike chai.”

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba, akanishika mkono.

“Shosho na hadithi zako! Asante kwa kutaka kunibebea lawama.”

Nikaapa. Nikamwonyesha soketi. Akanipangusa machozi kwa leso yake, akageukia kioo, akachapa mstari, akahifadhi.