Maji Niliyompa Martha

Editha ni muuguzi wa gari la wagonjwa. Kwao ni Mgori, baba yake alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Mimi nilimjua siku aliyopiga magoti kando ya mke wangu barabarani, hapa Ihanja.

Martha alikuwa anavuka na ndoo ya alizeti kichwani. Lori likamgonga, halikusimama. Tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Tulimwinua, tukamkalisha. Nikamshika kichwa, nikamnywesha maji kwa kata ya kibuyu. Kwetu aliyeanguka hupewa maji. Yakatokea puani. Akakoroma, kisha kimya.

Editha alishuka garini anafoka. "Nani kamkalisha huyu?"

Tukarudi nyuma.

Akamlaza chali, akamfuta kinywa, akaweka viganja katikati ya kifua. Akabonyeza huku anahesabu hadi thelathini. Akampa pumzi mbili kwa mfuko wa mpira. Akaanza tena.

"Dada, utamvunja mbavu," jirani yangu Antipasi akasema.

"Mbavu zinaunga, kaka. Sogea."

Jasho lake lilidondokea kanga ya Martha. Alirudia, akarudia. Halafu akaacha. Alimfunika uso kwa kanga hiyo, kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa ni miezi kumi. Nikichota maji kwa kata ile, nasikia koo la Martha. Siku hizi nanywa kwa kiganja.

Mwezi uliopita Editha alikuja ofisi ya kijiji kutufundisha. Mwanasesere wa kufundishia hakuwa naye, akatumia gunia la pumba. Nilingoja watu watawanyike.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mimi ni mume wa yule mama wa alizeti."

Akaketi chini. "Kanga ya kijani," akasema.

"Nilimpa maji. Ndiyo yaliyomuua?"

Akakung'uta pumba viganjani.

"Sikudanganyi, baba. Maji hayakufaa. Aliyezimia hawezi kumeza, yanaingia kwenye mapafu. Lakini lori nalo lilimvunja ndani. Kipi kilimmaliza, sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Na mimi siku ile nilikuwa sijawahi kumbonyeza mtu. Nilifundishwa siku moja tu, miaka minne nyuma, kwenye mwanasesere. Sikuwa na hakika kama nazamisha vya kutosha. Mpaka leo nabonyeza mto nyumbani. Mume wangu ananicheka, anasema nasonga ugali kitandani."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Nikamwambia, "Nionyeshe."

Nilipiga magoti mbele ya gunia. Magoti yangu ni mabovu. "Usikunje mikono, baba. Zamisha. Harakaharaka." Nilifika thelathini. Pumba zilinuka kama ghala letu, Martha akiwa anapepeta.

Juzi pikipiki ilianguka karibu na mlango wangu. Kijana alikuwa amezimia, lakini anahema. Nilimlaza ubavu kama tulivyofundishwa, nikamfungua kinywa, nikawakataza watu kumwinua. Antipasi akampigia Editha simu.

Hana, binti wa jirani, alikuja mbio.

"Babu, shikamoo, nipe kata! Nipe maji, anakufa!"

"Maji hakuna," nikasema.

Alinitazama kama anatazama mchawi. Watu walinung'unika. Nikakaa pale, mkono begani kwa kijana, nikisikiliza pumzi yake na koo la Martha, vyote pamoja, mpaka gari lilipofika.

Editha alimkuta anahema.

Nyumbani, mtungi ulikuwa umejaa maji.