Siku Niliyokataa Kuanzisha Wimbo

Katika tawi letu la chama, mjadala ukianza kuwa mgumu mwenyekiti aliomba wimbo. Mtu angeuliza habari za mbegu au za kisima, akikaribia penyewe, mwenyekiti anageukia vijana: "Hebu wimbo kidogo, tuchangamke." Tunaimba, watu wanapiga makofi, na wimbo ukiisha mwenyekiti anasema, "Basi, hilo limepita." Muulizaji anakuwa ameshakaa.

Mwanzishaji wa nyimbo nilikuwa mimi. Mwenyekiti alikuwa baba yangu.

Nililelewa ndani ya chama kama wengine wanavyolelewa ndani ya dini. Uhuru ulipokuja baba alinipandisha lori mpaka Korogwe, akaniweka mabegani niione bendera mpya. Nilipokuwa msichana sauti yangu ilikuwa kali, sioni haya kusema, na wageni wa wilaya wakija Handeni niliitwa. Niliamini kila neno nililoliimba. Tena nilipenda kuitikiwa na umati mzima, nani asingependa?

Mama alikuwa mtu wa aina nyingine. Alizaliwa kambini kwenye mashamba ya mkonge, mtoto wa manamba walioletwa kutoka mbali kukata katani, na wazazi wake walikufa bila kumiliki hata kipande cha ardhi. Alipoolewa alifyeka mwenyewe bonde moja upande wa nyuma wa Kabuku, akang'oa visiki, akapanda michungwa. Ilipotoka amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, tulihamia kando ya barabara na mama hakulalamika. Aliamka tu mapema zaidi, akaenda bondeni kwa miguu.

Kisha tawi likataka michungwa ile iwe mali ya kijiji.

Tulikutana darasani, tumebanana kwenye madawati ya watoto. Baba alisoma hoja kwa ukakamavu wake wa siku zote, kana kwamba shamba lilikuwa la mtu asiyemjua. Mama akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti," alimwambia mumewe, na kina mama wa nyuma wakacheka chinichini. "Shamba letu la pamoja la mahindi liko hapo dirishani. Magugu nayaona. Mahindi siyaoni. Sasa naomba kuuliza..."

Baba alinigeukia. "Hebu wimbo kidogo, tuchangamke."

Wenzangu walivuta pumzi wakisubiri nianze. Nilimtazama mama, bado amesimama, mkono umeanza kushuka. Alijua kinachofuata, maana alikuwa ameniitikia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Nikaona kazi ambayo sauti yangu ilikuwa ikifanya miaka yote ile, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mama hajamaliza," nilisema.

"Binti, wimbo!"

"Amalizie kwanza, baba."

Mama aliupandisha tena mkono wake, ingawa hakuhitaji.

"Nauliza, nani atapalilia michungwa, ikiwa mahindi ya hapa mlangoni yametushinda?"

Mzee mmoja akasema hata yeye alitaka kujua hilo. Mwingine akakumbushia kisima. Baba alizipanga karatasi zake zilizokuwa zimeshapangika, akaahirisha mkutano mpaka wiki iliyofuata.

Nilitegemea kugombezwa nyumbani. Haikuwa hivyo. Alfajiri nilimkuta mama bondeni akichuma kila chungwa lililoelekea kuiva, na baba yuko naye, kanzu ameifunga kiunoni, anajaza magunia. Gunia la kwanza alilibeba mwenyewe mpaka barabarani, akalipakia kwenye lori la kwenda Korogwe, mama akauze kwenye soko la Manundu.

"Baba," nilimuuliza, "kwa hiyo na wewe unajua kijiji kitaliua shamba hili?"

Alipangusa jasho. "Mwanangu, hilo si jambo la kusema mkutanoni."

Mpaka hapo nilikuwa nimemkasirikia kwa kuamini mno. Jibu lile liliniuma zaidi. Kama angeamini ningebishana naye maisha yangu yote na tukabaki marafiki.

Wiki iliyofuata hoja ilirudi vilevile. Tawi lilikuwa limeshampata msichana mwingine, na sauti yake, niwe mkweli, ilikuwa tamu kuliko yangu. Mama aliponyoosha mkono, baba aliomba wimbo, na yule msichana akauanzisha bila kusita. Mama alisimama kidogo, kisha akachukua khanga yake na kutoka. Nami niliinuka nikamfuata. Sikurudi tena kwenye vikao vile, na sijawahi kujuta.

Tulipofika uwanjani darasa zima lilikuwa likiitikia. Niliisikia sauti ya baba katikati ya zote, na ndiyo iliyokuwa juu.