Baba mkwe alitaka bia ya dumpy, Durban nzima nikakuta long neck tupu

Wakuu, salaam kutoka Durban.

Hii sijasimuliwa na jirani, imenikuta mwenyewe. Mpaka leo nikisikia kizibo cha bia kinafunguka, nageuka kwanza kuangalia ni chupa gani.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Nimechumbia binti wa Kirundi, Espe, ana saluni Overport. Siku ya posa ilipokaribia, baba yake alituma sharti moja tu: bia yake iwe ya dumpy.

Kwa wasioijua, dumpy ni ile chupa fupi, nene, shingo karibu haipo. Mzee alipoanza kazi kiwandani kule mtaa wa Jacobs, kila mtu alikuwa anainywa hiyo. Baadaye ikaja long neck, chupa ndefu ya kupendezea picha. Vijana wakaikimbilia. Dumpy ikasogezwa nyuma ya friji, mwisho ikapotea kimya kimya.

Nikacheka, nikaona jambo dogo. Kumbe!

Bottle store za Overport, maduka yote ya pombe, hakuna. Glenwood kwa wanafunzi ndiyo kabisa, muuzaji aliniangalia kama nimeulizia kaseti. Nikaenda hadi Jacobs. Huko nilipata chupa za dumpy zisizo na bia kwa muuza chupa chakavu.

Nikampigia mshenga wangu, Papa Jonas, kinyozi wa Kikongo. Nikamwambia naweza kuhamishia bia humo.

"Petit, mdogo wangu, uko na wazimu? Bia inafunguliwa mbele ya beau-père, baba mkwe wako. Ikikosa kulia psss, watasema umetia sumu!"

"Sasa nipeleke long neck?"

"Eish. Akikatala kunywa, mambo iko kwisha. Unajua?"

Nilijua, ndiyo maana usingizi ulikatika. Kwao na kwetu, baba wa binti akinywa bia yako, umepokelewa. Asipoigusa, beba vitu vyako urudi ulikotoka.

Siku ikafika. Sebule imejaa wajomba na mashangazi. Hotuba zikaisha, long neck ikafunguliwa mbele ya mzee, ikawekwa mezani.

Hakuigusa.

Papa Jonas akaanza kuangalia viatu vyake. Espe yuko mlangoni, macho yamejaa machozi. Wakuu, niliogopa kuliko siku niliyovuka mpaka. Nilishaona nampoteza mwanamke kwa ajili ya chupa.

Kwa aibu nikainamisha kichwa, ndipo nikaona mikono ya mzee chini ya meza. Wa kushoto umeukamata wa kulia kwa nguvu. Wa kulia unatetemeka.

Nikaelewa. Dumpy unaishika kwa ngumi nzima na haipinduki ovyo. Ile ndefu ingemmwagikia mbele ya wakwe.

Nikaenda jikoni, nikachukua mirija miwili ya soda za watoto. Nikapiga magoti.

"Baba, kwetu Kasulu bia ya heshima hainyanyuliwi. Tunakunywa pamoja kwa mrija."

Sikudanganya. Bia ya mtama kwetu hunywewa hivyo, na kwao Burundi pia.

Nikatumbukiza mirija yote miwili, chupa ikabaki palepale mezani. Mzee alinitazama hadi nikatamani kukimbia. Kisha akainama, akanywa. Nami nikanywa.

Vigelegele vilipopigwa, alinisogelea sikioni: "Mukwe wangu, wewe iko na macho."

Baadaye Espe aliniambia nyumbani baba hunywea bia kwenye kikombe cha chai, na hakuna anayethubutu kuutaja ule mkono. Tangu dumpy zianze kuadimika, aliacha kwenda hata kwenye harusi za watu. Wote walidhani ni uzee na kiburi. Hapo roho iliniuma sana.

Nilichojifunza: mtu akishikilia kitu cha zamani, usimwite mkaidi kabla hujaangalia mkono wake.

Harusi yetu ni Desemba na mzee amesema atakuja. Mirija nimeshanunua, ila wasiwasi haujaniisha, ukumbi utajaa watu. Mliowahi kuishi na mzee anayeficha ugonjwa, mlimlindiaje heshima yake? Na mwenye kujua duka lenye dumpy hapa Durban, tafadhali aseme.