Vidole vya Mdakaji

Saluni yangu ya La Rochelle ilikuwa ya kusuka nywele, lakini kila mwaka shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja na laptop kutuonyesha futiboli ya Amerika. Mwaka mmoja timu kubwa za huko zilikuwa karibu kuchagua vijana wa vyuo, naye alichambua wadakaji, wale wanaokimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa.

Yeye na mume wangu walisifu mbio tu. Mimi, huku nikisuka, niliangalia vidole. Msusi akija kuomba kazi, nampa kichwa asuke, kisha nampigisha stori. Vidole vikisimama kila anapojibu, simchukui.

Kijana mmoja alidaka kwa ncha za vidole hata akigongwa. Wengine waliukumbatia mpira kifuani kama mtoto mchanga.

"Huyu," nikasema.

"Eish, shemeji, huyo mzito."

"Huyu."

Siku ya kuchagua wachezaji ikapita, hakuna timu iliyomtaka. Shemeji akaja saluni akicheka.

"Timu zote zimekosea," nikamwambia. "Sasa nipishe hicho kiti, mteja amefika."