Mume wa Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

Mfupa wake ulikuwa umevunjika mahali ambapo mtu aliyeteleza havunjiki. Hilo lilianza kunisumbua kabla sijauliza ni nani aliyemleta. Anayeteleza hutanguliza viganja, na kinachoumia ni kifundo cha mkono. Kifundo cha mama huyu kilikuwa kizima. Uliovunjika ni mfupa wa upande wa nje, katikati ya kifundo na kiwiko, sehemu ileile unayoitanguliza unapoinua mkono kukinga kichwa.

Lakini PF3, ile fomu ya polisi ambayo mtu aliyejeruhiwa alitakiwa aje nayo ndipo atibiwe, ilisema ameanguka kwenye mfereji Jumapili, huko mlimani juu ya Olmotonyi, akitoka kukata majani ya ng'ombe. Kaka yake ndiye aliyempitisha polisi, akatoa maelezo kwa niaba yake, kisha akamleta kwetu mjini.

Nilikuwa na miezi minne tangu nimalize chuo cha uuguzi. Kuhusu watu waliopigwa tulikuwa tumefundishwa siku moja tu, na mimi niliishika siku hiyo kama msahafu. Chora mwili kwenye karatasi. Pima kila alama kwa rula. Andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka. Nguo zitunze kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye nailoni zitavunda. Pale wodini hakuna aliyekuwa akifanya hayo. Sista mkuu, mama mnene aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, alinikuta nimeinama na rula juu ya mgongo wa mgonjwa.

"Msomi," akasema, "unamshonea gauni?"

Wenzangu walicheka. Niliendelea kupima. Mgongoni kulikuwa na mistari miwili myekundu iliyokwenda sambamba, na kati yake ngozi safi. Fimbo ndiyo inayoacha alama za namna hiyo. Kwa hiyo mtu alikuwa amempiga, na mimi nilikuwa nimeshaamua ni nani kabla sijamwona.

Mume alikuja Jumanne. Alikuwa fundi mwashi, akijenga huko Kisongo na kulala hukohuko, na nyumbani mlimani alikuwa akirudi Jumamosi hadi Jumapili jioni. Nikapiga hesabu. Mke ameumia Jumapili, naye Jumapili alikuwepo. Tena amekuja siku ya pili, si ya kwanza. Alisimama miguuni pa kitanda, hakumgusa mkewe, hakusema zaidi ya pole. Nilipotoka alinifuata kwenye korido.

"Amesema nini?"

Nilimjibu kwamba maneno ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nilikuwa tayari nimesharudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mikono yake ilikuwa na michubuko, na sikujiruhusu kufikiri kwamba mikono ya mwashi huwa hivyo.

Nilirudi kwa mgonjwa, nikavuta pazia, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni mume wake aliyempiga.

"Si yeye," alisema, akageukia ukutani.

Kwenye faili niliandika: Anamlinda mume.

Nyumbani, Sokon I, nilikula bila kujua ninachokula. Nilipanga ushahidi, nikaupangua, nikaupanga tena. Nilijiuliza kama namwonea yule mtu, kisha nikajiambia kwamba shaka hiyo ndiyo huwaponza wanawake. Mama yangu aliniuliza kama kuna mtu amenikosea kazini.

Kaka wa mgonjwa alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuja kila siku na koti lake la suti na kikapu cha chakula, mara uji, mara loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi, akawasalimia wagonjwa kitanda kwa kitanda. Sista mkuu alimpa shikamoo hata kabla hajafika mezani kwake. Mimi aliniita "dada nesi". Siku ya pili, bila kuulizwa, aliniambia taratibu kwamba shemeji yake ni mtu wa hasira, ila familia haitaki makuu, na yeye hajasema kitu. Nilimwamini papo hapo. Alikuwa amesema ninachokifikiri, na mtu anayesema unachokifikiri anaonekana mwenye akili.

Kisha akaomba nguo za dada yake. Ni fedheha, alisema, nguo za ndugu kulala hospitali na uchafu, mkewe angezifua. Nilikuwa nimezifunga kwenye mfuko wa karatasi wa unga, chini ya meza yetu, khanga mbili na blauzi ya mtumba yenye damu na tope. Najua nilisita. Lakini kwetu Uchagani pia ndugu akilazwa jambo la kwanza ni nguo zake zifuliwe, na mama yangu angeomba vilevile. Nilimpa. Kesho yake zilirudi zimepigwa pasi.

Alhamisi daktari alisema mgonjwa anaweza kutoka kesho. Nikaandika kwa mkono uliotulia kuliko kawaida: Asirudi kwa mume. Atapokelewa na kaka yake. Daktari alitia saini chini yake.

Ijumaa asubuhi kaka alileta kikapu, akasema atarudi saa nane na gari. Nilikaa kumsaidia mgonjwa kula, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Nilipofunua kitambaa, juu ya chupa ya chai kulikuwa na jani la sale, jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Wamasai nao wana yao, lakini Wameru, kabila la mgonjwa wangu, na sisi Wachaga hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Masale ndiyo tunayopanda mipakani. Na jani lake likifungwa fundo likaletwa kwako, aliyekukosea anaomba radhi. Ukilipokea umesamehe, na aliyesamehe haendi tena polisi. Haliletwi na mtu asiye na kosa.

Nililiangalia jani, nikamwangalia yeye. Alikuwa ameuweka mkono wake mzima chini ya blanketi, kama mtoto anayekatazwa kugusa kitu.

"Ni kaka," nilisema.

"Ndiye."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza nani," alisema. "Uliniuliza kama ni mume wangu. Nikakwambia si yeye. Ukaenda kuandika."

Alinieleza kwa sauti isiyopanda. Baba yao alimwachia ukanda wa shamba kando ya barabara. Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu waling'oa mibuni wakapanda maharage, na kulikuwa na mtu wa mjini aliyetaka ardhi ya kulima maua. Kaka alihitaji dole gumba la dada yake kwenye karatasi. Alipokataa, kaka alianza kung'oa masale ya mpaka, naye akasimama katikati, na kilichokuwa mkononi mwa kaka kilikuwa mpini wa jembe. Kwa mume hakusema neno, kwa sababu mume alikuwa amekwisha kuhisi na alikuwa anasubiri kusikia tu. "Angepanda kule na panga. Ningebaki na maiti ya kaka na mume gerezani."

"Na leo unakwenda kwake."

"Wewe ndiye uliyeandika. Nikadhani hospitali ikishaandika imekwisha."

Karatasi ile ya dole gumba ilikuwa bado inamsubiri huko, na mimi ndiye niliyempangia safari. Nilikiacha kikapu wazi kama kilivyokuwa. Nilimwita sista mkuu, nikitegemea mzaha. Alilitazama jani bila kuligusa, akamuuliza mgonjwa jambo moja tu, kwa Kimeru, akajibiwa. Kisha akanituma nimkimbilie daktari kabla hajaondoka, na yeye mwenyewe akamwagiza dereva wa hospitali aliyekuwa anakwenda uwanja wa ndege apite Kisongo amwite mume, ila asimweleze kitu.

"Faili halifutwi," aliniambia. "Piga mstari mmoja, kosa lako lisomeke, uandike chini yake, utie saini."

Mgonjwa alisema, nami nikaandika kama alivyosema. Daktari alijaza PF3 upya, akitumia vipimo vyangu vya rula. Aliponiuliza nguo ziko wapi, nilimwambia. Aliandika neno moja: Zimefuliwa.

Saa nane kamili kaka alifika. Nilisimama mlangoni mwa wodi, nikamwambia mgonjwa haendi naye.

Hakupandisha sauti. "Dada nesi, si wewe uliyeandika aje kwangu?"

"Ni mimi. Nilikosea."

"Na leo huenda pia unakosea?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza tangu asubuhi, na yeye alilijua kana kwamba alikuwa amekaa kichwani mwangu. Ningeweza kusimama pale nikilifikiria hadi jioni. Aliyetujibu wote wawili alikuwa dada yake, kutoka kitandani.

"Kaka, chukua kikapu chako. Na kilichomo."

Alikichukua. Aliwatakia wagonjwa wote afya njema kitanda kwa kitanda, akakipita cha tisa, akaondoka. Kesi ilikwenda polisi, na nilipohamishwa mwaka uliofuata ilikuwa bado inaahirishwa. Shamba, nilisikia, lilikuwa halijauzwa.

Mume alikuwa bado njiani. Nilivuta kiti, nikafungua faili kwenye nafasi ya kuandika mgonjwa anakokwenda, nikamuuliza.

"Kisongo," alisema. "Kuna chumba alichopanga mume wangu."

Nikamuuliza kama ana hakika. Nikamuuliza tena, kwa maneno mengine, nikidhani hatagundua.

"Sista," alisema, "andika Kisongo."