Shimo la Ndizi

Harufu ya ndizi mbivu imepanda kutoka gengeni hadi chumbani kwangu, hapa mtaani Kashai. Nimeweka chini simu niliyokuwa nikiitazama tangu asubuhi, nikisubiri majibu ya usaili.

Utotoni, kule kijijini Izigo, bibi alifukia ndizi mbichi shimoni ili ziive, akazifunika kwa majani ya mgomba na udongo. Kila alipogeuka, nilifukua pembeni nichungulie. Kaburi la babu lilikuwa jirani, humohumo kibanjani, katikati ya migomba yetu, bado jipya.

"Wewe! Joto linatoka!"

"Bibi, babu atafufuka kweli?"

"Mungu amesema."

"Na kama haitakuwa hivyo?"

Bibi alicheka hadi kilemba kikalegea. "Ndizi zangu umezifukua. Sasa unataka kumfukua na babu yako? Mungu hajawahi kusema uongo, mjukuu wangu. Tulia."

Shimo lilipofunguliwa, ndizi zilikuwa za manjano na laini, isipokuwa zile za pembeni nilikochungulia. Bibi aligeukia kaburi, akapaza sauti: "Mzee, pumzika tu. Huyu hatachungulia tena!"

Nami, mdomo umejaa ndizi, nikamwambia babu tutaonana.